Sura ya Tano: Moyo wa Tarishi, Moyo wa Katibu Mkuu

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 iliaminika, miongoni mwa madaktari na watu wa kawaida vilevile, kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa, yaani wa mkurugenzi asiyepata usingizi kwa kuwaza hesabu za kampuni na wa ofisa ambaye simu ya mezani kwake hailali. Imani hiyo iliwapendeza watu wote, kwa kuwa iliwafariji wadogo na papo hapo ikawatukuza wakubwa. Mwaka 1958 ilipata hata sura ya kisayansi, pale Joseph Brady wa taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed alipotoa matokeo ya jaribio la tumbili waliofungwa wawili wawili na kupigwa shoti za umeme, huku mmoja wao akiwa na kitufe ambacho akikibonyeza kwa wakati huzuia shoti hiyo isiwapate wote wawili. Tumbili mwenye kitufe, ambaye alibatizwa jina la mkurugenzi, ndiye aliyepata vidonda vya tumbo na kufa, ilhali mwenzake asiye na la kufanya alisalimika. Ilichukua miaka kadhaa kasoro ya jaribio hilo kuwekwa wazi: tumbili hawakugawanywa kwa kura, bali wale waliobonyeza kwa pupa zaidi katika majaribio ya awali ndio waliopewa ukurugenzi, kwa hiyo kilichopimwa huenda kilikuwa wepesi wao wa kutaharuki na si mzigo wa madaraka. Jay Weiss aliporudia jambo lilo hilo kwa panya waliogawanywa kwa kura, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1971, mambo yaligeuka, kwani aliyeumia zaidi alikuwa panya aliyepigwa shoti bila kuwa na njia yoyote ya kuizuia.

Panya, hata hivyo, hawana mishahara wala barua za kupandishwa cheo, na ushahidi uliobadilisha fikra za wataalamu kuhusu binadamu ulitoka mahali ambapo pengine hapakutarajiwa, katika ofisi za serikali ya Uingereza zilizopo Whitehall, eneo la London lenye wizara. Mwaka 1967 Donald Reid na Geoffrey Rose, wataalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea katika umma, walianza kuwapima watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, kisha wakawafuatilia mwaka hadi mwaka kuona nani anakufa na anakufa kwa ugonjwa gani. Hapo mwanzo lengo halikuwa kuchunguza vyeo. Watafiti walitaka kujua zaidi habari za sigara, shinikizo la damu, sukari na lehemu, ambayo ni aina ya mafuta yanayosafiri katika damu na kujenga utando ndani ya kuta za mishipa, na cheo kilikuwa ni mojawapo tu ya maswali yaliyojazwa kwenye fomu.

Utumishi huo ulipangwa katika ngazi nne. Juu kabisa walikuwapo maofisa watawala, wale wanaomshauri waziri na kuandaa sera. Chini yao wataalamu na watendaji. Chini zaidi makarani. Na mwisho matarishi, mabawabu na wafanyakazi wengine wa mikono. Mpangilio huo si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu ndio ulioletwa Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe enzi za ukoloni, na baada ya uhuru ofisi nyingi ziliurithi pamoja na majalada yake na mihuri yake. Kwa mtafiti wa afya ulikuwa na faida ya pekee. Watu wote hawa walikuwa na mwajiri mmoja na walifanya kazi katika mji mmoja, kwa mshahara wa uhakika na matumaini ya pensheni, tena wote walikuwa na haki ya kutibiwa bila malipo katika mfumo wa taifa wa afya ulioanzishwa mwaka 1948. Hapakuwa na mchimba madini anayevuta vumbi wala kibarua asiyejua kesho atakula nini. Ikiwa tofauti za afya zingeonekana hata hapo, ufukara wa kupindukia na ukosefu wa matibabu visingeweza kutajwa kuwa ndivyo sababu.

Tofauti zilionekana, na zilikuwa kubwa. Katika matokeo ya mwaka 1978 yaliyoandikwa na Michael Marmot pamoja na Rose na wenzao, baada ya ufuatiliaji wa miaka saba na nusu, wafanyakazi wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kilichozidi mara 3.6 kile cha maofisa watawala. Ugonjwa huo ni ule wa kuziba taratibu kwa mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambao mwisho wake mara nyingi huwa mshtuko wa moyo. Ile dhana ya ugonjwa wa wakubwa ilikuwa imepinduliwa kichwa chini. Lakini jambo lililowashangaza zaidi watafiti, na ambalo bado lina uzito kuliko ile tarakimu yenyewe, ni kwamba hapakuwa na mstari mmoja wa kuwatenga maskini wanaougua na matajiri wasiougua. Hatari iliongezeka ngazi kwa ngazi, kiasi kwamba mtaalamu mwenye mshahara mzuri, nyumba yake na bustani yake alikuwa katika hatari kubwa kuliko ofisa mtawala aliye juu yake hatua moja tu, na karani naye alikuwa katika hatari kubwa kuliko mtaalamu huyo.

Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba wadogo huvuta sigara zaidi, na ni kweli walivuta zaidi. Walikuwa pia wazito zaidi, wenye shinikizo la damu la juu kidogo na wafupi kwa kimo, na kimo cha mtu mzima ni kumbukumbu ya lishe na maradhi ya utotoni. Hata hivyo watafiti walipoyaweka mambo hayo yote katika hesabu, yalieleza chini ya nusu ya tofauti iliyokuwapo. Mteremko uleule ulionekana hata miongoni mwa wasiovuta sigara kabisa, na lehemu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitupiwa lawama nyingi wakati ule, ilikuwa juu zaidi kwa maofisa wakubwa kuliko kwa matarishi. Kwa hiyo palibaki kitu kisichoelezwa na chakula wala sigara, na ilibidi kitafutwe ndani ya kazi yenyewe.

Chombo cha kukitafutia kilipatikana mwaka uliofuata. Robert Karasek, mtaalamu wa Kimarekani, alipendekeza mwaka 1979 kwamba uzito wa kazi peke yake si kipimo cha madhara yake, na kwamba mambo mawili sharti yapimwe kwa pamoja. La kwanza ni madai ya kazi, yaani wingi wake, haraka yake na migongano ya maagizo; la pili ni mamlaka ya mfanyakazi juu ya kazi hiyo, yaani uwezo wake wa kuamua aifanye vipi, kwa mpangilio upi, na kama kazi inampa nafasi ya kutumia na kukuza ujuzi wake. Kazi yenye madai mengi na mamlaka mengi huchosha, lakini pia humkuza mtu; yenye madai mengi na mamlaka haba ndiyo Karasek aliyoiita kazi ya mkazo, na ndiyo aliyoihofia. Baadaye, akishirikiana na daktari wa Kiswidi Töres Theorell, aliendeleza hoja hiyo kwa kuihusisha moja kwa moja na magonjwa ya moyo.

Tofauti kati ya madai na mamlaka huonekana vizuri mtu akiitazama masjala ya ofisi yoyote ya serikali. Karani aliyeko humo hupokea majalada kwa mfululizo usio wake: trei ya yanayoingia hujaa kwa kasi inayoamuliwa na watu wa ghorofa ya juu, kila jalada likiwa na maandishi mafupi ya kutaka karatasi fulani itafutwe, ipewe namba na irudishwe leo hii. Majalada mawili yakitakiwa kwa wakati mmoja na maofisa wawili, si yeye anayeamua lipi litangulie, lakini ni yeye atakayelaumiwa kwa lililochelewa. Akitaka kumpeleka mtoto kliniki, huandika barua ya kuomba ruhusa na kungoja saini. Ofisa aliyeliagiza jalada lile huenda akawa na kazi nyingi kupindukia, na huenda akatoka ofisini baada ya magharibi karani akiwa ameshafika nyumbani, lakini kikao kikimwelemea hukiahirisha, barua ngumu humpa msaidizi aiandae, na akihisi kichwa kizito hutoka kwenda kunyoosha miguu bila kumuaga mtu. Wote wawili watasema jioni kwamba wamechoka, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Ili kuipima dhana hiyo, Marmot aliongoza utafiti wa pili uliowaandikisha watumishi 10,308 wa wizara na idara 20 za London kati ya mwaka 1985 na 1988, wakiwa na umri wa miaka 35 hadi 55, na safari hii wanawake 3,413 walikuwamo. Mamlaka ya kila mtumishi juu ya kazi yake yalipimwa kwa njia mbili, kwa kumuuliza mwenyewe na kwa tathmini ya mameneja wa utumishi walioieleza nafasi yake bila kujali aliyeishika anajisikiaje, tahadhari ambayo umuhimu wake utaonekana mbele. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba waliokuwa na mamlaka haba kazini, tena wakabaki hivyo walipopimwa mara ya pili, walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo inayokaribia mara 2 ya wenzao. Mamlaka hayo yalipoingizwa katika hesabu ya tofauti za vyeo, sehemu kubwa ya mteremko ilipungua, na hapakuwa na kipengele kingine kilichoupunguza kiasi hicho.

Swali la namna agizo la mkubwa linavyofika kwenye mshipa wa damu lina majibu kadhaa yanayosaidiana. Mtu anapokabiliwa na tishio, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini, ambayo huongeza mapigo ya moyo, hubana baadhi ya mishipa na kuufanya mwili uwe tayari kupigana au kukimbia. Dakika chache baadaye hufuata kotisoli, homoni inayoachilia sukari na mafuta katika damu ili misuli ipate nguvu. Hayo yote ni mema kwa aliyekutana na simba. Kwa aliyeketi kwenye kiti sukari na mafuta hayo hayatumiki, na tishio likirudi kila asubuhi kwa miaka 20, tumbo huanza kujenga mafuta ya ndani, shinikizo la damu halishuki linavyopaswa, na damu yenyewe huwa nyepesi kuganda. Katika utafiti wa pili wa Whitehall, watumishi wenye mamlaka haba walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha fibrinojeni, protini inayofanya damu igande. Timu ya Tarani Chandola ilionyesha mwaka 2008 kwamba waliokuwa chini ya umri wa miaka 50 na wenye mkazo wa kudumu kazini walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 68, na kwamba karibu theluthi moja ya athari hiyo ilipitia kwenye ulaji, kutofanya mazoezi na matatizo ya sukari na mafuta mwilini. Sigara na chipsi, kwa maneno mengine, zimo, lakini mara nyingi ni njia ambayo mkazo huipitia na si jambo la pembeni lisilohusiana nao.

Kipimo kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Shinikizo la damu likipimwa saa za kazi, la wakubwa na la wadogo hupanda kwa kiasi kinachokaribiana, na mpimaji anayeishia ofisini angeweza kuhitimisha kwamba kazi inawagusa wote sawasawa. Likipimwa nyumbani jioni, la wakubwa hushuka zaidi. Kinachowatenganisha basi si kupanda kwa mchana, bali ni kama mwili unapata ruhusa ya kutulia baada yake.

Afrika Mashariki ilichangia somo hili kwa njia isiyopitia ofisi yoyote. Tangu mwaka 1978 Robert Sapolsky, mwanabaiolojia wa Marekani, alikuwa akienda Maasai Mara nchini Kenya kuwachunguza nyani wa porini, ambao madume wao hupangana kwa vyeo vinavyotambulika na kila mmoja. Aliwapiga kwa mshale mdogo wenye dawa ya usingizi, akawatoa damu na kuipima kabla hawajazinduka. Madume wa vyeo vya chini, wanaonyang'anywa chakula na kutolewa hasira bila kosa, walikuwa na kotisoli nyingi zaidi hata wakiwa wamepumzika, na walikuwa na kiasi kidogo cha lehemu ile njema inayosafisha mishipa. Jambo muhimu ni kwamba hali hiyo ilikuwa ya nyakati za utulivu. Kundi lilipovurugika na vyeo kuanza kugombaniwa, ni wakubwa walioonyesha dalili za mkazo. Jay Kaplan na wenzake walipata jambo linalofanana na hilo maabarani huko North Carolina, ambako kima madume wenye vyeo, waliolishwa chakula cha mafuta na kubadilishiwa wenzao mara kwa mara, walijenga utando mwingi zaidi katika mishipa ya moyo, na walipopewa dawa ya kuzuia kazi ya adrenalini utando huo ulipungua. Chakula kilikuwa kilekile. Cheo basi hakilindi moyo kwa jina lake. Kinalinda pale tu kinapompa mwenye nacho uhakika wa mambo.

Uhakika huo ulipotikiswa Whitehall, matokeo yalifanana. Moja ya idara zilizokuwa katika utafiti, iliyoshughulikia majengo ya serikali, iliamuliwa iuzwe kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Jane Ferrie na wenzake walionyesha kwamba afya ya watumishi wake ilianza kuzorota ikilinganishwa na ya wenzao wa idara nyingine tangu kipindi cha kungoja, kabla hata ya mtu yeyote kupoteza kazi. Johannes Siegrist, mwanasosiolojia wa Ujerumani, alikwisha kuongeza upande mwingine wa jambo hilo kwa kudai kwamba mwili huumia pia pale jitihada inapozidi malipo, na kwa malipo hakumaanisha fedha tu, bali heshima pamoja na usalama wa kazi.

Hoja hii haikukosa wapinzani, na wanastahili kusikilizwa. George Davey Smith na John Macleod waliwachunguza wanaume zaidi ya 5,000 wa Scotland na kuchapisha mwaka 2002 jambo lililoleta ubishi: waliosema wana msongo mkubwa walilalamikia zaidi maumivu ya kifua, lakini vipimo vya moyo havikuonyesha kwamba walikuwa wagonjwa zaidi, na katika kundi hilo ni wenye hali nzuri waliojitaja kuwa na msongo. Mwenye mazoea ya kulalamika, kwa mujibu wao, hulalamikia kazi na hulalamikia kifua, na mtafiti asiye makini huona uhusiano ambao haupo. Onyo hilo ni la haki, ila linagonga zaidi tafiti zinazouliza mtu anajisikiaje kuliko zile zilizopima nafasi ya kazi kupitia mameneja. Hoja yao nyingine, kwamba maradhi ya moyo hupandwa tangu utotoni katika nyumba zisizo na lishe, nayo ina ukweli, na kile kimo cha matarishi kiliishuhudia mapema.

Takwimu kubwa zaidi zilizofuata ziliituliza mizani. Mika Kivimäki na wenzake walikusanya mwaka 2012 kumbukumbu za Wazungu karibu 200,000 kutoka tafiti 13 na kukuta kwamba kazi ya mkazo huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 23, kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa awali, na kwamba asilimia 3.4 tu ya wagonjwa wote ingeweza kuhusishwa nayo, chini sana ya sigara. Wapo waliozichukua tarakimu hizo kuwa ni mazishi ya hoja nzima. Wamesahau somo la Rose mwenyewe, aliyeeleza mwaka 1985 kwamba hatari ndogo iliyowaenea watu wengi huweza kuzaa wagonjwa wengi kuliko hatari kubwa iliyowapata wachache. Kuhusu saa za kazi, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016. Hapa ndipo mtu wa Kariakoo au Gikomba anapoingia katika hesabu, ijapokuwa hajaajiriwa na mtu: dereva wa bodaboda hana bosi wa kumpangia njia, lakini akiwa na pikipiki ya mkataba na marejesho ya kupeleka kila jioni, uhuru wake wa kuamua saa ya kurudi nyumbani ni mdogo kuliko wa karani.

Ushahidi mzito zaidi wa kile ambacho mwajiri anaweza kukifanya, kwa uzuri au kwa ubaya, ulitoka Finland. Mdororo wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizilazimisha halmashauri za miji kupunguza watumishi, na Jussi Vahtera na wenzake waliwafuatilia zaidi ya 22,000 waliobaki kazini katika miji 10. Pale ambapo zaidi ya asilimia 18 ya wafanyakazi waliondolewa, vifo vya moyo na mishipa miongoni mwa waliobaki vilikuwa mara 2 ya vile vya mahali ambapo hapakuwa na punguzo. Walipoigawa miaka hiyo sehemu mbili, watafiti walikuta kwamba katika miaka minne ya kwanza, kazi za walioondoka zilipokuwa zikigawanywa upya kwa waliobaki bila wao kuulizwa, kiwango hicho kilifika mara 5.1, kisha kikashuka hadi mara 1.4 katika kipindi kilichofuata.